Kaburi Dogo Lenye Jina Langu

Asubuhi ya Pasaka niling'oa msalaba wa kaburi langu mwenyewe mbele ya usharika mzima, matarumbeta yakanyamaza. Hapa Igowole wapo wanaosema nilipandisha mashetani. Sikupandisha chochote. Nilichoka.

Ninaandika haya kwa ajili ya mwanamke aliyekaa kwenye benchi la kliniki sasa hivi, ambaye titi lake limeshakatwa au linasubiri kukatwa, na kila anayepita anamtupia neno la Mungu ambalo hakuliomba. Mambo ya seli na vipimo waulize madaktari. Mimi nitasema yaliyonipata.

Kwetu ibada ya Pasaka haianzii kanisani, inaanzia makaburini. Wiki nzima kabla yake kila ukoo unapalilia makaburi yake na kupaka misalaba chokaa. Siku yenyewe mnakusanyika kabla jua halijatoka, kwenye ukungu na matope, na mwinjilisti anapita kwa wale waliolala tangu Pasaka iliyopita. Anasimama, anataja jina, anasema Kristo amefufuka nawe utafufuka, watu wanaitika amina. Ibada hiyo naipenda tangu mtoto. Nilikulia Uyole, Mbeya, kwa Wamoraviani, na huko pia tulikuwa tunaamshwa gizani tukaimbe kati ya makaburi, tukisubiri kupambazuke. Hata nilipoolewa huku Mufindi kwa Walutheri sikuona mabadiliko makubwa. Baridi tu.

Nilikuwa nimefika jioni iliyotangulia kutoka Mbeya, baada ya miezi mingi ya dripu za saratani. Nilisimama nyuma kabisa, kitambaa kichwani kwa sababu nywele hazikuwepo, khanga mbili mabegani. Mume wangu Festo alikuwa pembeni, kila dakika ananivuta mkono turudi nyumbani, eti nitapata nimonia. Nikadhani ni upendo.

Mwinjilisti akataja marehemu wa kwanza, akataja wa pili. Kisha akasimama miguuni pa kaburi la baba mkwe wangu, penye kituta kifupi kama cha mtoto mchanga, akainua mkono.

"Atupele, Kristo amefufuka, nawe utafufuka."

Watu wakaitika amina. Atupele ni mimi, na mimi mwenyewe nilikaribia kuitika.

Mbele kabisa binti yangu Sekela, wa miaka minne, alikuwa ameshika mkono wa bibi yake. Aliinama akaweka ua juu ya kile kituta, taratibu, kama mtu aliyezoea. Alipogeuka akaniona nyuma ya watu, alijificha ndani ya khanga ya bibi. Jioni iliyopita aliniona nikishuka kwenye bajaji akakimbilia nyuma ya nyumba, nikasema moyoni ni hiki kichwa kipara, atazoea. Pale ndipo nilipoelewa. Mwanangu hakuogopa kipara. Aliogopa maiti iliyorudi.

Nilipita katikati ya watu. Msalaba ulikuwa wa mbao, umepakwa chokaa mpya, umeandikwa jina langu. Nikaung'oa. Matope yakaniruka usoni.

"Mwinjilisti," nikasema, "humu ndani yumo nani?"

"Mama Sekela, tulia. Ni kiungo tu."

"Basi ungeita kiungo. Umeniita mimi."

Nikaondoka na msalaba wangu kwapani.

Sasa nirudi nyuma. Uvimbe niliuona wakati wa palizi ya mahindi. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya njegere. Nikajua ni maziwa yaliyobaki, ingawa Sekela alishaacha kunyonya zamani. Mama mkwe akanikanda kwa maji ya moto. Mpaka mahindi yanakauka shambani, punje ilikuwa imekuwa ndimu, na ngozi juu yake imekunjamana kama ganda la chungwa. Mwanamke mwenzangu, ukiona ngozi ya namna hiyo usikandwe. Panda gari.

Tulikwenda hospitali moja huko Iringa. Iringa mjini upepo unapanda kilima pamoja na wewe. Kwenye benchi tulikaa wanawake tumejifunga khanga vifuani kwa namna moja, kila mmoja ameegemeza mkono mahali pale pale, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anaumwa nini. Tulizungumza bei ya mbolea. Daktari aliponiambia titi litolewe, nilitoka nje nikanunua muhindi wa kuchoma nikaumaliza wote nimesimama. Festo aliniangalia kama nimerukwa na akili. Njaa ilikuwa kali, sijui ilitoka wapi.

Nilipasuliwa wakati wa kipupwe, Mufindi majani yanaamka na barafu. Mama mkwe alikuja Iringa kunisaidia. Nikiwa bado sijazinduka, yeye aliwafuata wahudumu akawaomba kile kilichokatwa, akazike nyumbani. Si jambo la ajabu. Mtu akikatwa mguu ndugu huomba mguu, na wanapewa. Walichukua cha kupima, kilichobaki wakampa kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Festo ndiye aliyetia saini. Nilipoamka nikauliza, nikajibiwa limeshashughulikiwa. Sikuuliza tena. Nilijua limechomwa.

Kutoka hapo nilipelekwa Mbeya kwa dripu, nikakaa kwa dada yangu Tusa, Uyole. Kurudi Igowole kila baada ya wiki tatu kungeniua mapema kuliko ugonjwa. Sekela akabaki kwa bibi yake.

Dripu ile watu wanaijua kwa jina, hawaijui kwa mwili. Siku ya kwanza unarudi nyumbani unatembea, unajiona shujaa. Siku ya tatu mdomo una ladha ya msumari. Nywele zilibaki kwenye mto, asubuhi moja tu. Kucha zikawa nyeusi. Mkono wa kushoto ukavimba, siwezi kukamua nguo wala kuinua sufuria. Mwili ukawa unaelemea upande mmoja, nikitembea najiona kama punda aliyebebeshwa gunia vibaya. Dada akanishonea kifuko cha ulezi nikivae ndani ya sidiria. Akasema kuku wakinifuata nisishangae. Nilicheka mpaka mshono ukauma. Wema mdogo kama huo ushike, ndugu yangu. Mwingine ulikuwa wa nesi mmoja ambaye kabla hajatafuta mshipa alinipa chupa ya maji ya moto niishike, mishipa ikajitokeza, akanichoma mara moja tu. Namwombea mpaka leo.

Akina mama wa usharika wetu walikuwa wananitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Mwanzoni ulikuwa mwingi, na wote uliimba wimbo mmoja: mwili si kitu, mama Sekela, mwili ni nyumba ya udongo, tazama ufufuo. Usilie. Usinung'unike. Mimi nimelala na beseni pembeni, mwili ambao si kitu unanitoa nyongo. Halafu mvua za kwanza zilipoanza ujumbe ukapungua, na uliokuja ukawa wa ajabu. Mmoja alisema wanakumbuka nilivyokuwa mkarimu. Nilivyokuwa. Nikamwonyesha dada. Akasema labda kakosea tu.

Kilichonikata zaidi ni Sekela. Kila nikipiga simu Festo ananiambia mtoto hataki kuongea. Siku moja alimwekea simu sikioni kwa nguvu, nikasikia kilio kile cha mtoto aliyeona nyoka. Nikajua amenisahau. Nililia kuliko siku waliyonikata.

Kliniki nilikaa jirani na mama mmoja Msukuma, mama Kabula, familia ya wafugaji waliohamia Usangu, ndani huko kupitia Igawa. Na yeye ni titi. Alikuwa anakuja na maziwa mgando kwenye chupa ya plastiki, ananilazimisha ninywe mbele yake. Hakuwa wa dini yoyote. Aliona nasoma Biblia, akaniuliza kama ni kweli sisi tunasema miili itarudi.

"Ndiyo tunavyoamini," nikamwambia.

"Hii hii?"

"Hii hii, ila haitaumwa."

Akafikiri. "Basi mimi nitadai na meno yangu. Ng'ombe alinipiga teke nikiwa msichana."

Tulicheka mpaka wagonjwa wengine wakatugeukia. Lakini swali lake halikuniacha. Nimesali maneno ya imani tangu kipaimara, kila Jumapili, naamini kufufuka kwa mwili, na sikuwahi kusikia kwamba tunasema mwili. Hatusemi roho itapaa tu, basi. Kama Mungu ana mpango na mwili huu, ule wenye kucha nyeusi na mkono uliovimba, nani aliwapa akina mama wale ruhusa ya kuniambia si kitu?

Mama Kabula hakuja dripu iliyofuata. Wala ile nyingine. Nilipomuuliza nesi, aliangalia chini akaniambia nivute kiti. Kwenye nafasi yake akakaa mtu mwingine mwenye kikohozi. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwa nini naihitaji Pasaka iwe kweli. Sikutaka kuambiwa mama Kabula yuko mahali pema. Nilitaka mikono yake irudi, ile ile, inafungua kizibo, inanisukumia chupa. Kama Kristo hakutoka kaburini na mwili wake, mikono ile imekwisha, na mimi sina la kumwambia mtu yeyote. Kama alitoka, basi kuna haja ya kumeza dawa hata leo, kuna haja ya kuoga, kuna haja ya kumpelekea mgonjwa uji. Yule binti wa Yairo alipoamshwa, Yesu hakuwahubiria wazazi. Aliwaambia wampe mtoto chakula.

Dripu ya mwisho niliimaliza masika, nikarudi nyumbani mkesha wa Pasaka. Mengine nimeshayaeleza.

Baada ya kung'oa ule msalaba nilimkuta mama mkwe jikoni. Alikuwa ametangulia kurudi na Sekela. Nikauweka msalaba mezani, kati ya sufuria ya ugali na bakuli la njegere. Nikamwuliza nani alimwambia mwanangu kwamba nimekufa.

"Sikumwambia umekufa, mwanangu. Nilimwambia kipande cha mama kimelala pale."

"Ana miaka minne, Mama. Kipande ni nini kwake?"

Ikatoka yote. Walizika ile ndoo kwa ibada kamili. Mwinjilisti alivaa joho, akasema mavumbi kwa mavumbi, kwaya ikaimba. Watu wakala makande ya msiba. Kisha kila Jumapili baada ya ibada Sekela alipelekwa pale kusema shikamoo mama. Na simu ikilia, mama yake anaongea kutoka kwenye shimo.

Nikageukia mlango. Festo alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi. Alijua tangu mwanzo. Alisema hakutaka kunivunja moyo nikiwa kwenye matibabu. Nikamwambia moyo hawakuuvunja, waliufukia.

Mama mkwe hakunyamaza. Ni mama wa Kibena aliyelea watoto saba kwa jembe, haogopi mkwe. Aliniuliza swali. Baba mkwe wangu alikuwa mpasua mbao. Msumeno ulimkata mguu chini ya goti, mguu ukatupwa hospitalini, haujulikani ulipo. Aliishi miaka mingi akitembea kwa gongo, akafa, akazikwa na mguu mmoja.

"Tarumbeta likilia," akasema, "mume wangu atasimama na nini? Mimi nimelala na swali hilo tangu nimzike. Wewe sikutaka usimame nusu."

Hapo ningeweza kumwonea huruma, na nilimwonea. Lakini hasira yangu haikuondoka, ilihama tu. Nilimwambia Yesu mwenyewe alitoka kaburini na matundu ya misumari, na hakuna aliyemwambia yeye ni nusu. Aliyeumba kwa mavumbi hahitaji sisi tumtunzie vipande kwenye ndoo. Akanitazama akasema, hayo mbona Mwinjilisti hakuniambia? Yeye alimwuliza, akajibiwa mama una imani kubwa, tufanye ibada.

Ndiyo hapo. Mjane alikwenda kwa mtu wa kanisa na hofu yake, na mtu wa kanisa akaipaka chokaa na kuisimamisha.

Sekela alikuwa amejibana nyuma ya mtungi. Nilikaa chini sakafuni, mbali naye, nikavua kitambaa. Nikamega ugali nikala, nikamega mwingine nikauweka kwenye kifuniko cha sufuria, nikausukuma kwake. Alinitazama nikitafuna. Alitazama koo langu likimeza. Kisha akauliza kama watu wa shimoni wanakula.

"Hawali," nikamwambia.

Akala tonge lake. Hakusogea.

Jioni Mwinjilisti akaja na wazee wawili wa kanisa. Wakasalimia Bwana Yesu asifiwe, wakapewa viti. Nilidhani wamekuja kuomba radhi, nikaweka na maji ya chai motoni. Mwinjilisti akasema kwa upole kwamba nimevuruga ibada takatifu, nimedhalilisha alama ya msalaba, na kwamba kwa utaratibu natakiwa kusimama mbele ya usharika nitubu, nirudishwe kundini. Mpaka hapo nisikaribie meza ya Bwana. Kuhusu ule msalaba, alisema urudishwe mahali pake kwa sababu ulishaombewa.

Festo akakohoa. Nilimwangalia. Kama angesema tusamehe Mwinjilisti, ndoa yetu ingeishia pale kwenye mkeka. Alisema, sauti ndogo lakini aliisema, kwamba mke wake hatatubu kwa kosa la kuwa hai.

Mzee mmoja akatabasamu akanitania, eti Mnyakyusa hata akizikwa anarudi na fujo. Nikamwambia mzee, ningekuwa nimekuja na fujo ungekuwa umeshamwagiwa chai. Wakaondoka bila kunywa.

Wiki ile ile niliandika barua kwa usharika. Mama mkwe alikaa pembeni nikimsomea kila mstari, na akaniomba niongeze swali lake. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umevimba nikashindwa kushikilia karatasi, Festo akaishikilia. Sasa nimebaki na vidonge vya kila siku na kliniki za Mbeya. Nikimeza kidonge asubuhi nasema Kristo amefufuka, halafu nakunywa maji. Hiyo ndiyo sala yangu, sina ndefu. Nawe uliye kwenye benchi, wakikuambia mwili si kitu, waulize basi kaburi la Bwana lilikuwa tupu kwa nini. Na ndugu zako waambie mapema, kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, kitakachokatwa kifanywe nini. Usiache waamue ukiwa umelala.

Barua niliipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya usharika, katibu akaipokea akaigonga muhuri, nakala ninayo. Ilisema hivi:

Kwa Baraza la Wazee,
Kupitia kwa Mchungaji wa Usharika.

Yah: Malalamiko dhidi ya Mwinjilisti wa mtaa wetu kwa kunifanyia ibada ya maziko nikiwa hai

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msharika wenu, mama wa mtoto mmoja, mgonjwa wa saratani ya titi niliyemaliza dripu. Nikiwa matibabuni, Mwinjilisti aliongoza maziko ya kiungo changu bila kuniuliza, akaweka msalaba wenye jina langu, na siku ya Pasaka akaniita pamoja na marehemu. Baada ya maziko hayo akina mama waliacha polepole kunitumia ujumbe na kunipigia, kwa sababu aliyezikwa hapelekewi uji. Sasa natakiwa nitubu. Sitatubu. Naomba yafuatayo.

Kituta kile kisawazishwe, na msalaba usirudi. Msalaba ninao mimi.

Wagonjwa wa usharika huu wasiambiwe tena kwamba mwili si kitu. Tunakiri kufufuka kwa mwili kila Jumapili. Anayekwenda kwa mgonjwa aende na chakula, na kama hana chakula akamfulie nguo.

Mama mkwe wangu, mjane, anauliza mume wake aliyekatwa mguu atafufuka vipi. Ameuliza kwa miaka. Mchungaji aje amjibu mwenyewe, nyumbani, bila haraka.

Mwisho, mwanangu Sekela bado analala kwa bibi yake. Anakula nami, lakini hataki kukaa upande wangu wa kushoto, na nikimwita anamtazama bibi kwanza ili ajue kama na yeye amesikia. Mimi nimemwambia sikufa. Baba yake amemwambia. Bibi yake amemwambia. Anatujibu kwamba Mwinjilisti alisema. Kwa hiyo naomba Mwinjilisti aje kwangu, bila joho, akae chini sakafuni mahali ambapo mtoto anaweza kumwona usoni, amwambie kwa mdomo wake kwamba alikosea, mama yake hakuzikwa. Asiondoke mpaka mtoto amemwelewa.

Nasubiri majibu.

Atupele, mama Sekela.